Jino limeacha kuuma lenyewe: je, limepona?

Swali: Jino lilinikesha wiki nzima, halafu maumivu yakakata yenyewe. Bado kuna haja ya kumwona daktari?

Ipo, tena usichelewe. Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, yaani kiini cha jino. Bakteria wakikifikia kupitia tundu au ufa, kiini huvimba. Lakini kimefungiwa na kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Damu hubanwa, nacho hufa. Kilichokufa hakihisi kitu, ndiyo maana jino limetulia. Utulivu huo unanitia hofu kuliko maumivu yenyewe, maana bakteria wanaendelea kushuka hadi ncha ya mzizi, na mfupa wa taya huanza kulika.

Swali: Nitajuaje kama kiini bado kinaokoleka?

Pima muda wa maumivu. Maji baridi yakichoma kisha maumivu yakaisha baada ya sekunde chache, mara nyingi kuziba tundu kunatosha. Maumivu yakidumu dakika kadhaa, yakija bila sababu, au yakipwita kila ukilala, huenda kiini kimeshaharibika kabisa. Simama mbele ya kioo. Je, jino limeingia rangi ya kijivu? Kwenye fizi kuna kipele kinachopasuka, kikakuachia ladha ya usaha mdomoni, kisha kikarudi palepale? Mara nyingi hapo kiini kimekufa, hata kama huumwi.

Swali: Siwezi kumeza antibayotiki tu?

Hazitatibu chanzo. Dawa husafiri na damu, na kiini kilichokufa hakipitishi damu. Daktari atakupiga picha ya eksirei, atatia ganzi, atoe kiini, asafishe mifereji ya mizizi na kuiziba. Likishindikana, jino hung'olewa. Mimi ningelipigania kwanza: jino lililotolewa kiini linaweza kutafuna miaka mingi, ila gego kwa kawaida huvikwa kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino, lisije likapasuka. Na tafadhali, usibandike aspirini kwenye fizi, inaunguza nyama.

Swali: Lini nisisubiri hata kesho?

Shavu au chini ya taya pakivimba ukawa na homa, au ukishindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.