Sura ya ujana kwenye filamu si lazima iwe kazi ya kompyuta

Watazamaji wengi huamini kwamba filamu ikirudi nyuma kueleza ujana wa mhusika tuliyemzoea kwenye tamthilia, sura ile changa ni ya mwigizaji yule yule, amepunguzwa umri kwa kompyuta. Imani hiyo ina msingi. Teknolojia ipo, na filamu The Irishman ya 2019 iliitumia waziwazi.

Hata hivyo, njia ya kawaida bado ni kutafuta mtu mwingine. Chukua The Many Saints of Newark ya 2021, inayosimulia yaliyotangulia tamthilia ya uhalifu The Sopranos (1999–2007). Tony Soprano, mhusika mkuu wa tamthilia hiyo, akiwa kijana anafanana na Tony mtu mzima kiasi cha kushtua. Lakini mwigizaji wa Tony mtu mzima, James Gandolfini, alifariki 2013, na filamu ilipigwa 2019. Yule kijana ni mwanawe wa kumzaa, Michael Gandolfini, ambaye alisema hakuwahi kuitazama tamthilia hiyo mpaka alipojiandaa kwa usaili. Mama na baba mkubwa wa Tony nao walipewa waigizaji wapya, wasio na undugu na wale wa awali.

Ukitaka kuhakikisha, usizime majina yanapoanza kupita mwishoni. Tafuta mhusika, soma aliyemwigiza, kisha linganisha na majina ya tamthilia. Kwa Tony utakuta jina la ukoo la waigizaji ni lile lile. Ukiona orodha ndefu ya mafundi wa kompyuta, usihitimishe haraka: mara nyingi wao hufuta mabango na majengo ya kisasa mitaani.