Mitego ya kumapu memori kwenye draiva

Draiva nyingi (programu za kuendesha vifaa) ninazoletewa hapa Tanga kuzikagua, za mizani ya marobota ya mkonge na vipimajoto vya maghala, hukwama pale pale: mwandishi kaona namba inayoanza na 0x, akaiita anwani, basi. Anwani ya nani? Mwambie bodaboda wa Ngamiani "nipeleke kumi na mbili", atakuuliza kama ni barabara ya kumi na mbili au nyumba namba kumi na mbili. Kompyuta haikuulizi, inakupeleka tu.

Prosesa ndani ya keneli (kiini) ya Linux hutumia anwani pepe, inayotafsiriwa kabla ya kufika kwenye memori. Iliyoandikwa kwenye kitabu cha chipu ni anwani halisi, na kuigusa sharti uipitishe kwanza kwenye ioremap, inayokupa anwani pepe yake. Kifaa nacho kinapovuta data kwa DMA (kugusa memori chenyewe bila prosesa) huona anwani ya basi (njia inayounganisha vifaa na memori), na kukiwa na IOMMU (kitafsiri cha anwani za vifaa) katikati, hiyo haifanani na yoyote kati ya hizo mbili. Kwa hiyo usimkabidhi kifaa pointa ya kmalloc, maana hiyo ni anwani pepe. Omba memori kwa dma_alloc_coherent, itakupa anwani mbili kwa mpigo, yako na ya kifaa. Zipe majina yasiyofanana hata kidogo.

Mtego unaokula siku za watu, hata hivyo, ni wa kuchelewa. Kijana mmoja alinijia na kadi ya mizani inayochomekwa kwenye basi ya PCI.

"Shikamoo kaka. Nikiiriseti inagoma, nikiweka printk ya kuchapisha ujumbe katikati inakubali."

"Marahaba. Hebu nionyeshe."

Kodi yake, inayoandika 1 kwenye rejista (kisanduku cha amri ndani ya kifaa), kusubiri mikrosekunde 10, kisha kuandika 0, ilikuwa hivi:

writel(1, base + RISETI);
udelay(10);
writel(0, base + RISETI);

Ukiisoma haraka huoni kasoro. Ila kwenye PCI, uandishi huruhusiwa kusubiri njiani: prosesa inaliachia daraja la basi (chipu inayopitisha data kwenda PCI) ile 1 na kuendelea na shughuli zake. Mikrosekunde 10 zinaweza kupita 1 ikiwa bado haijafika, kisha 0 ikaifuata nyuma nyuma, na kadi ikaona riseti fupi mno. Printk ilikuwa inanunua muda tu. Dawa ni kusoma rejista ya kifaa hicho hicho kwa readl kabla ya udelay, maana usomaji haurudi mpaka uandishi uliotangulia umefika. Chagua rejista ambayo kuisoma hakubadilishi kitu. Zipo zinazofuta biti za hali zikisomwa.

Kuna wanaodhani neno volatile la lugha ya C lingemaliza yote. Volatile humzuia kompaila peke yake, haimfikii daraja, wala haizuii prosesa ya ARM kupanga upya mambo yake. Ukijaza bafa ya DMA (memori ambayo kifaa kitaisoma) kisha ukamgongea kifaa aanze, writel huhakikisha bafa imetangulia. Writel_relaxed haina dhamana hiyo. Mimi huikataa writel_relaxed kwenye draiva ya mtu anayeanza, hata aniambie ina kasi kiasi gani.

Kwa mmap, inayoifungulia programu ya mtumiaji memori ya kifaa, zima kashe (nakala za karibu na prosesa) kwa pgprot_noncached kabla ya kumapu kwa remap_pfn_range. Kwenye x86 ukisahau, mara nyingi MTRR (rejista za prosesa zinazoamua eneo lipi la memori litumie kashe) zitakufichia aibu. Kwenye ARM utasoma thamani ya zamani iliyolala kwenye kashe, na utailaumu waya.

Usiandike 4096, ukubwa uliozoeleka wa ukurasa (kipande kidogo kabisa cha kumapu), kwa mkono pia. Keneli ya kawaida ya Raspberry Pi 5 ina kurasa za kilobaiti 16, na ARM ya biti 64 inaruhusu hata 64. Rejista za kifaa chenye kilobaiti 4 zitaingia ukurasa mmoja na za jirani yake, kwa hiyo ukimpa mtumiaji ukurasa huo umempa na jirani.

Juu ya kila mapu naandika maelezo ya namna hii, na nawataka vijana nao waandike:

/* base: anwani pepe ya ioremap, baiti 256, bila kashe, huachiwa kwenye remove() */

Kilichobaki ni mipaka. Ofuseti ya mmap (mahali pa kuanzia) inatoka kwa mtumiaji, na vm_pgoff inayoibeba huhesabiwa kwa kurasa, si baiti. Ukijumlisha ofuseti na urefu ndipo ulinganishe na ukubwa wa eneo, jumla inaweza kufurika ikarudi namba ndogo, na programu ya kawaida ikasoma memori ya keneli. Linganisha ofuseti kwanza, kisha urefu na kilichobaki. Au tumia vm_iomap_memory, ambayo hesabu hiyo inaifanya yenyewe.