Korsi si mashuti ya mtu mmoja

Jana usiku barazani, kahawa chungu hata haijapoa, jamaa mmoja wa hapa Kibokoni ameanzisha tena ile stori ya hoki ya barafuni, timu ya Montreal kumpeana beki wao P.K. Subban kwa Nashville wakachukua beki Shea Weber, Juni 2016. Ati Montreal walirogwa, manake Subban "ana Korsi kubwa, anapiga mashuti mengi". Hapo nikaweka kikombe chini.

Korsi ni hivi: beki akiwa barafuni, watano kwa watano, unahesabu kila jaribio la shuti la timu yake, lililolenga goli, lililopita nje na lililozuiwa njiani, halafu unatoa ya wapinzani. Basi. Ni ya timu, si yake. Anaweza kumaliza zamu bila kugusa ile paki, kisahani wanachokipiga badala ya mpira, na Korsi yake ikapanda vilevile.

Sasa jina lenyewe. Kuna wanaodhani ni kifupisho, kila herufi na maana yake. La, ni mtu, Jim Corsi, aliyekuwa kocha wa makipa wa timu ya Buffalo Sabres na yeye mwenyewe kipa wa zamani, na alichotaka kujua ni kipa amefanya kazi kiasi gani, si nani mkali. Ukishawahi kudaka mtaani unaelewa: mtu anaachia shuti, unaruka, kiwiko kinachubuka kwenye mchanga, mpira unapita juu, na anayehesabu anakwambia hiyo si shuti. Na kile kiwiko je? Ndiyo akahesabu zote.

Aliyeipa hesabu hiyo jina hilo ni Tim Barnes, alikuwa akiandika mtandaoni kama Vic Ferrari. Alimsikia redioni Darcy Regier, bosi wa Sabres, akizungumzia hesabu hizo, akafikiria kuziita Regier, haikukaa, akafikiria jina la kocha Ruff, wapi, mwisho akaona picha ya Corsi akapenda masharubu yake. Wallahi, masharubu! Na watu wanabishana mpaka usiku wa manane kana kwamba imeteremka na wahyi.

Sikatai, hizo namba zilimpendelea Subban. Lakini Weber alikuwa anatupiwa washambuliaji wakali wa kila timu, na ukimwekea beki kazi hiyo kila usiku lazima hesabu ichafuke, wala haimaanishi gongo lake la kupigia ni bovu, huyu ni mtu aliyepiga shuti la maili 108.5 kwa saa kwenye mashindano ya mastaa 2015. Baada ya hapo Nashville wakafika fainali 2017 na Subban, Montreal 2021 na Weber akiwa kapteni, na wote wakapigwa.

Kwa hivyo ndugu yangu, usiseme Subban "ana Korsi". Sema Subban akiwa ndani, Montreal walikuwa wanapiga kuliko wanavyopigwa. Hiyo ukiisema leo barazani, kikombe cha pili ni juu yangu.