Faiba haikauki kama rangi: yanayosemwa karakana na yaliyo kweli

Asubuhi na mapema Arusha utayaona magari ya watalii yakitoka mjini kuelekea mbugani, mengi yakiwa na paa linaloinuliwa ili mgeni asimame atazame wanyama. Mapaa hayo mara nyingi ni ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa resini, gundi ya maji inayogeuka kuwa ngumu. Nilianza kazi hii ya kuunda faiba Moshi, nikahamia Arusha, na popote nilipokaa nimesikia maneno yaleyale kutoka kwa wateja, madereva na hata mafundi wenzangu. Mengine hayamdhuru mtu. Mengine yanaharibu kazi, na machache yanaumiza watu. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kuna jambo moja linalotenganisha faiba na chuma. Bati linafika karakana likiwa na nguvu zake tangu kiwandani. Faiba nguvu zake zinazaliwa ndani ya kalibu, lile umbo tunalolijazia, siku ileile, mkononi mwa fundi. Akikosea kupima, amekosea kuitengeneza mali yenyewe, si umbo lake tu.

"Fundi, usinibanie, ongeza dawa"

Mteja anayesema hivi anaamini uimara umo kwenye resini, ile inayomiminwa. Ni kinyume chake.

Chukua nyumba ya udongo. Fito ndizo zinazobeba. Udongo unazishika zisiyumbe na kuzikinga. Ukuta wa udongo mtupu utapasuka mapema tu. Kwenye faiba, nyuzi za kioo ndizo fito na resini ndiyo udongo. Uzi wa kioo ukivutwa unastahimili makumi ya mara kuliko resini ikiwa peke yake. Kazi ya resini ni kuhamisha mzigo kutoka uzi huu hadi ule, na kuzuia nyuzi zisijikunje. Pale ilipotuama bila uzi, kwenye kona kwa mfano, huvunjika kama sahani.

Kwa kazi ya mkono inayotumia mati, yaani mkeka wa nyuzi za kioo zilizokatwakatwa, kioo kinatakiwa kiwe karibu asilimia 30 ya uzito wote. Yaani kila kilo 1 ya mati inywe resini kilo 2 na kidogo. Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba itachukua takriban kilo 1 ya resini, na itakupa unene wa karibu milimita 1. Kwa hiyo pima mati kwenye mizani kwanza, ndipo upime resini. Kisha pitisha rola ya chuma kwa subira mpaka hewa itoke yote, maana kila povu linalobaki ni mahali ambapo uzi haukushikwa na kitu. Ukiona madoa meupe, hapo mati imekosa resini, na hilo nalo ni kosa.

Wapo wanaoizimua resini kwa tina au asetoni ili ienee zaidi. Asetoni ni ya kusafishia brashi. Ikiingia kwenye mchanganyiko inadhoofisha kazi yote, na mteja atakuja kuligundua hilo barabarani.

"Hadina ndiyo inayokausha"

Rangi hukauka kwa sababu kiyeyushi chake kinaruka hewani. Resini ya poliesta haikauki hivyo. Molekuli zake zinafungamana kwa kemia, na kufungamana huko kunatoa joto. Ile tunayoiita hadina kazi yake ni kuuwasha huo mwendo. Kiasi cha kawaida ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo 1 ya resini, yaani asilimia 1 mpaka 2.

Moshi iko chini na ina joto, hivyo resini inashika haraka. Julai ya Arusha ni habari nyingine. Mwaka wangu wa kwanza huku, asubuhi moja ya baridi, niliona mchanganyiko unachelewa, nikaongeza hadina kwa kukadiria kwa jicho. Mabaki kwenye ndoo yalichemka, yakatoa moshi na kupasuka. Siku nyingine nikaogopa, nikaweka kidogo mno. Paa likatoka laini, na halikukomaa hata baada ya siku kadhaa, kwa sababu hadina ikipungua chini ya kiwango haitoshi kuumaliza mwendo ilioanzisha. Baridi haitibiwi kwa kuzidisha hadina. Subiri joto lipande, angalau nyuzijoto 15, au pasha chumba kwa njia isiyo na moto wa wazi.

Na hili nalisema kwa msisitizo: kama unachanganya mwenyewe kichapuzi cha kobalti, yaani ile dawa yenye rangi ya zambarau, usiikutanishe kamwe moja kwa moja na hadina. Zinaweza kulipuka. Kobalti inaingia kwenye resini kwanza na kukorogwa vizuri, hadina inafuata baadaye.

"Ni imara kama chuma, basi iwe nyembamba kama bati"

Hapa watu wanachanganya uimara na ukakamavu. Faiba ya mati inaweza kubeba mzigo wa kutosha, ila inapinda kwa wepesi: ukakamavu wake ni kama sehemu 1 kwa 28 ya ule wa chuma. Bahati nzuri, unene ukizidishwa mara 2, ubao unakuwa mgumu kupinda mara 8. Hivyo faiba ya milimita 3 inakaribia kulingana na bati la milimita 1, na bado ni nyepesi: kama kilo 4.5 kwa mita ya mraba, wakati bati ni kilo 7.8. Paa linalotikisika barabara za vumbi siku nzima linahitaji unene huo, au mbavu kwa ndani.

"Jua litaiyeyusha"

Haiyeyuki. Ikishakomaa hairudi kuwa uji tena. Moto mkali huiunguza tu. Jua linachofanya ni kufifisha uso wake, na ndiyo maana tunatanguliza jelikoti, tabaka la resini la kukinga uso, ya karibu nusu milimita kwenye kalibu.

"Unga ndio sumu, harufu utaizoea, kunywa maziwa"

Unga wa grinda unawasha kwa sababu vipande vya kioo vinachoma ngozi. Vaa mikono mirefu na barakoa, oga kwa maji baridi. Harufu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Ni stairini, kemikali iliyomo kwenye resini, ambayo tangu 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Maziwa yanakwenda tumboni. Mvuke umeingia mapafuni. Barakoa ya kitambaa nayo haiuzuii. Inatakiwa yenye chujio la mkaa, milango ikiwa wazi.

Hadina ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Anza kuosha palepale, angalau dakika 15 bila kukatiza, kisha hospitali. Kwetu ndoo ya maji safi iko hatua tatu kutoka meza ya kuchanganyia, na hakuna anayeruhusiwa kunawia humo.