Kanuni hizo za fayawoli ni za toleo gani?

Fundi akikuletea kanuni za fayawoli, yaani kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao, alizonakili mahali, kabla hujasoma hata mstari mmoja muulize ni za toleo gani.

Chukua PF, fayawoli ya mfumo endeshi wa OpenBSD, iliyoanza na toleo la 3.0 mwaka 2001. Zamani, ili kompyuta zote za ofisi zitoke kwenye intaneti kwa anwani moja, uliandika hivi (em0 ni kadi ya mtandao inayotoka nje):

nat on em0 from 192.168.1.0/24 to any -> (em0)

Toleo la 4.7 la mwaka 2010 likaufuta mtindo huo. Kazi ileile sasa huandikwa:

match out on em0 from 192.168.1.0/24 nat-to (em0)

Ukiuweka mstari wa zamani kwenye OpenBSD ya leo, faili zima la kanuni hukataliwa. Mashine ikiwashwa upya hubaki na kanuni chache za dharura zinazozuia karibu kila kitu isipokuwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali. Fundi ataingia kurekebisha, lakini ofisi nzima haina intaneti. Na hakukosea herufi hata moja! FreeBSD, mfumo endeshi mwingine ulioichukua PF hiyohiyo, iliendelea na mtindo wa zamani kwa miaka mingi, kwa hiyo maelekezo yale yalibaki sahihi, ila kwa mashine nyingine.

OpenBSD hutoa toleo takriban kila miezi 6. Tawi thabiti la msimbo, lile la toleo lililokwisha kutolewa, hupokea marekebisho tu. Tawi linaloendelea kutengenezwa hubadilika kila siku. Kurasa za mwongozo hukaa pamoja na msimbo wa programu, na anayebadili amri hutarajiwa kurekebisha na ukurasa wake. Ndiyo maana ukichapa man pf.conf kwenye mashine yako, unapata maelezo ya toleo lako hasa. Wengi wetu tunaona uvivu kuichapa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nyaraka zetu za ndani, zile ambazo fundi mmoja aliziandika kisha akahama. Andika namba ya toleo juu ya kila ukurasa. Ukijaribu toleo jipya, ufungulie ukurasa wake. Usifute wa zamani wakati seva bado inautegemea.

Kabla ya kupandisha toleo, pima kanuni kwa pfctl -nf /etc/pf.conf, amri inayokagua bila kupakia. Ila ifanyie kwenye mashine ya majaribio yenye toleo jipya, maana pfctl ya zamani itaupitisha mstari wa zamani bila kulalamika.