Biblia katika kundi la pili: Wamoravian wanavyopanga imani yao

Nikifundisha historia ya Kanisa, swali kuhusu Wamoravian huja kwa sura ileile: "Mwalimu, wao wanaamini nini ambacho wengine hawaamini?" Muulizaji kalamu anayo mkononi, anangoja orodha. Jibu langu humkata maini: karibu hakuna. Wanakiri Imani ya Mitume kama Walutheri na Waanglikana, wanabatiza watoto wachanga, wana mashemasi, wachungaji na maaskofu. Hata waraka wao mkuu, Msingi wa Umoja, uliopitishwa na sinodi ya mwaka 1957, unasema kwamba kama vile Maandiko Matakatifu yasivyo na mfumo wa mafundisho, Kanisa hilo nalo halikujitungia wa kwake.

Kilicho chao hasa ni mpangilio. Asili yake ni Umoja wa Ndugu, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1457 huko Kunvald, Bohemia (leo sehemu ya Ucheki), na watu waliorithi mafundisho ya Jan Hus, yule mhubiri wa Praha aliyechomwa moto Konstanz tarehe 6 Julai 1415. Mmoja wa viongozi wao, Luka wa Praha, aliyagawa mambo ya imani katika makundi matatu: ya msingi, ya kuhudumia na ya ziada.

Ya msingi ni machache mno. Mungu anaumba, anakomboa, anatakasa. Mwanadamu anaitika kwa imani, upendo na tumaini. Basi.

Na Biblia je? Imo katika kundi la pili, pamoja na ubatizo, Meza ya Bwana na Kanisa lenyewe. Hapo darasa huchafuka. Mwaka mmoja mwanafunzi alifunga daftari akaniuliza, "Kwa hiyo Biblia si ya msingi?" Nami kwa haraka nikamjibu, "Ndiyo, si ya msingi." Vipindi viwili vilivyofuata nilivitumia kuzoa maji niliyoyamwaga. Ningepaswa kumwambia hivi: Maandiko ni matakatifu kwa sababu yanampeleka mtu kwa Kristo, na bila hayo tusingemjua, lakini anayeokoa ni Kristo, wala si kitabu. Vivyo hivyo maji ya ubatizo. Vivyo hivyo mkate. Luka hakuwa anaishusha Biblia. Alikuwa anazuia chombo kisikalie kiti cha mwenye nyumba.

Kundi la tatu ni taratibu: mavazi ya mchungaji, mpangilio wa ibada, kusimama au kupiga magoti. Haya huweza kubadilika kufuatana na mahali na wakati, na kwa uzoefu wangu ndiyo hasa watu huyagombania. (Ule msemo wa umoja katika ya msingi, uhuru katika yasiyo ya msingi na upendo katika yote, Wamoravian wanaupenda sana, ila si wao walioutunga. Ulishaandikwa Ulaya na watu wengine katika karne ya 17.)

Sasa, jumuiya isiyo na fundisho la pekee inashikamana kwa nini? Kwa yale wanayoyafanya pamoja. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia, jirani ya Bohemia, warithi wa ule Umoja wa Ndugu, walianza kujenga kijiji cha Herrnhut, Saksonia (Ujerumani), katika ardhi ya mtawala mdogo aliyeitwa Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Wakagombana hadi kijiji kikakaribia kuvunjika. Tarehe 13 Agosti 1727 walipatana katika Meza ya Bwana kwenye kanisa la Berthelsdorf. Ibada ilipokwisha watu hawakutaka kuachana, na Zinzendorf akawapelekea chakula ili waendelee kuzungumza.

Ndipo ilipotoka karamu ya upendo. Mikate midogo na kinywaji hupitishwa benchi kwa benchi, huku waumini wakiimba. Hakuna anayehoji kama umebatizwa. Mtoto anakula, mgeni anakula. Hii si sakramenti, na mchungaji anayeichanganya na Meza ya Bwana huwa amekosea pande zote mbili.

Desturi nyingine ni neno la siku. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728 Zinzendorf aliwapa wanakijiji andiko la kutembea nalo kesho yake, na kuanzia mwaka 1731 maandiko ya mwaka mzima yakawa yanachapwa. Mpaka leo, huko Herrnhut, kila siku ya mwaka hupigiwa kura: mkono unaingia katika bakuli lenye aya takriban 1,800 za Agano la Kale, na aya iliyotoka ndiyo ya siku hiyo. Ya Agano Jipya haipigiwi kura. Huchaguliwa na mtu ili iitikie ile ya kwanza. Napenda sana mgawanyo huo wa kazi. Kijitabu hicho husomwa katika lugha zaidi ya 50, na Tanzania, ambako Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, ndiko waliko wengi kuliko nchi nyingine yoyote.

Mwishowe huwaonyesha wanafunzi picha ya makaburi ya Herrnhut, kwenye kilima cha Hutberg. Mawe yamelazwa chini, yamefanana. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, kila mmoja kando ya aliyemtangulia kufa, si kando ya jamaa zake. Tajiri na fundi seremala humtambui nani ni nani. Isipokuwa katikati, kwenye mawe makubwa yaliyoinuliwa, alikolala Zinzendorf na watu wa nyumbani kwake. Hilo sihitaji kuwaonyesha. Wanaliona wenyewe, na wanauliza.