Je, mueri wa milimani ni mcheri kweli?

Kwenye misitu ya Kilimanjaro na Aberdare kuna mti mrefu wenye gome jeusi lililopasukapasuka. Ni mueri, Wakikuyu huuita muiri, Wakalenjin tenduet. Waingereza waliupa jina la cheri ya Afrika, na jina hilo lina ukweli nusu tu.

Mueri, yaani Prunus africana, uko kwenye jenasi moja na cheri. Lakini jenasi hiyo ni ukoo mpana, mna pichi, plamu, aprikoti na lozi pia. (Kungu za Pwani hazimo, hata kama watu huziita lozi.) Hadi 1965 wataalamu waliuita Pygeum africanum, na dawa za tezi dume zitokanazo na gome lake bado huuzwa kwa jina la Pygeum.

Undugu wa kweli utazame kwenye maua. Cheri tamu, Prunus avium, asili yake Ulaya na Asia Magharibi, huchanua maua machache yanayochipuka mahali pamoja, kila ua na kikonyo chake kirefu. Ndiyo maana cheri za dukani huning'inia kwenye vijiti. Mueri hupanga vijiua vyake kando ya kijiti kimoja, kama kishada. Miti ya vishada ni tawi la peke yake, na cheri tamu iko karibu zaidi na pichi kuliko na mueri. Tena cheri tamu hudai mamia ya saa za baridi kali kabla ya kuchanua. Mueri haudondoshi majani mwaka mzima.

Tunda la mueri lina upana wa sentimita 1 hivi na ni chungu. Fikicha jani: litanukia lozi chungu. Usilitafune, maana harufu hiyo huja pamoja na sumu ya sianidi.

Wanaootesha hukosea zaidi kwenye mbegu. Wakizianika juani kama mahindi, zinakufa. Menya nyama, osha, kisha sia kivulini ndani ya wiki chache, zikiwa bado na unyevu.

Kuvuna gome la dawa nako kuna kanuni yake. Shina liwe limepita kipenyo cha sentimita 30, kisha zibanduliwe robo mbili tu za mzunguko wa shina, zinazotazamana, bila kukwangua utando laini ulio chini yake. Ukibandua gome kuzunguka shina zima, chakula kutoka majani hakifiki mizizini na mti unakauka. Biashara yake ya kimataifa imedhibitiwa tangu 1995 na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama pori walio hatarini.